Mimouna: Sikukuu ya Kiyahudi inayosubiri unga wa jirani Mwislamu

JUA linapozama siku ya mwisho ya Pasaka ya Kiyahudi, nyumba ya Myahudi wa Moroko huwa na kila kitu isipokuwa unga.

Kwa siku nane hakuna aliyegusa mkate wa kawaida humo ndani. Kabati zimesuguliwa, sufuria za kila siku zimefungiwa kando, na makombo yametafutwa kwa mwanga wa mshumaa hadi kwenye pembe za vyumba. Sasa sikukuu imekwisha, watoto wanataka mkate, na mkate haupo wala kitu cha kuutengenezea hakipo.

Kwa vizazi vingi, katika miji kama Fez, Meknes, Sefrou na Marrakech, huo ndio ulikuwa wakati wa kusikia mlango ukigongwa. Mlangoni alisimama jirani Mwislamu na sinia mikononi. Juu ya sinia palikuwa na unga, hamira, maziwa, siagi na asali, na pengine majani ya nanaa au mashada ya ngano mbichi iliyokatwa shambani jioni ileile.

Hapo sikukuu nyingine ilianza. Jina lake ni Mimouna, na kati ya sikukuu zote zinazoadhimishwa na Wayahudi, ni vigumu kuipata nyingine iliyomhitaji mtu wa dini nyingine kwa kiasi hicho.

Sababu yake inatokana na sheria ya Pasaka yenyewe. Torati inamkataza Myahudi kula chochote kilichochachuka katika siku hizo, kwa kumbukumbu ya mababu waliotoka Misri kwa haraka bila kungoja unga wao uumuke. Lakini katazo haliishii mdomoni. Myahudi haruhusiwi hata kumiliki vitu hivyo. Ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo zikishaingiwa na maji na kuachwa zichachuke, ni lazima zitoke katika mali yake kabla sikukuu haijaingia.

Marabi walipata ufumbuzi wa jambo hilo zamani sana: mali hiyo huuzwa kwa asiye Myahudi, na sikukuu ikiisha hununuliwa tena. Katika miji ya Moroko mnunuzi huyo, au angalau mtunzaji, mara nyingi alikuwa jirani wa mlango wa pili.

Aidha, siku ya mwisho ya Pasaka ni siku takatifu ambayo biashara hairuhusiwi. Hivyo nyota zinapoonekana na katazo kuondoka, mwenye unga mtaani ni yule tu ambaye sheria ile haikumhusu. Ni sheria ya dini, kabla ya adabu, iliyomfanya jirani awe mtu wa lazima.

Zawadi haikwenda upande mmoja. Familia za Kiyahudi ziliwapelekea majirani mikate myembamba isiyotiwa chachu iliyosalia, pamoja na halua za lozi na za sukari. Msomaji aliyekulia Mombasa, Unguja au Kariakoo, akiona sahani za futari zikipita kutoka nyumba hadi nyumba, hahitaji maelezo marefu kuhusu sahani isiyorudi tupu.

Unga ukishaingia, kazi huanza mara moja. Donge hukandwa, hugawanywa vipande vidogo, hupakwa mafuta na kuvutwa kwa viganja hadi liwe jembamba kama karatasi. Mkate huo huitwa mufleta. Hupikwa kwenye kikaango kama chapati, ila kwa utaratibu wake: cha kwanza kikishaiva upande mmoja hugeuzwa, cha pili huwekwa juu yake, kisha vyote viwili hugeuzwa pamoja, na hivyo hivyo hadi rundo zima lisimame kikaangoni. Huliwa vya moto, na siagi na asali.

Meza ya usiku huo haina nyama. Hutandikwa kitambaa cheupe na kujazwa vitu vyenye maana ya riziki, uzazi na mwaka mwema: samaki mzima juu ya majani mabichi, tende, maziwa, halua. Kwenye bakuli la unga huchomekwa maganda matano ya maharage mabichi, au sarafu tano, au tende tano. Tano ni hesabu ya vidole vya mkono, na mkono, kwa Wayahudi na kwa Waislamu wa Moroko sawia, ni kinga dhidi ya kijicho.

Milango haifungwi. Watu huvaa kaftani zilizotariziwa nyuzi za dhahabu na kutembea nyumba kwa nyumba hadi usiku wa manane, na kila anayeingia hutamka maamkizi ya Kiarabu cha Moroko, "terbhu u-tsa'adu", yaani mpate faida na furaha. Wachumba hupelekeana zawadi. Kesho yake familia hutoka kwenda mashambani, kwenye chemchemi au ufukweni.

Kuhusu jina, wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaolihusisha na neno la Kiebrania "emuna", imani. Wengine humtaja Rabi Maimon, baba wa mwanafalsafa Maimonides, aliyeishi Fez na familia yake katika karne ya 12. Maelezo ya tatu ndiyo mepesi kwa msikilizaji wa Kiswahili. Kwa Kiarabu "maymun" ni mwenye bahati, aliyebarikiwa, na kwa maana hiyo sikukuu hii ni wajina wa akina Bi Maimuna wote wa pwani ya Afrika Mashariki.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuichukua picha hiyo ya sinia mlangoni kuwa ndiyo historia yote ya Wayahudi wa Moroko.

Mwaka 1438 Wayahudi wa Fez walihamishiwa katika mtaa wao wenyewe, uliozungushiwa ukuta, karibu na kasri la Sultani. Mtaa huo uliitwa mellah, na jina hilo likaja kuwa la mitaa yote ya namna hiyo nchini. Ukuta uliwalinda na pia uliwatenga. Kwa karne nyingi waliishi chini ya hadhi ya watu wa dhima, wakilipa kodi maalumu na kubeba masharti ambayo Waislamu hawakuyabeba, na usalama wao ulitegemea nguvu ya mtawala aliyepo.

Mwaka 1912 Pasaka iliisha jioni ya Aprili 9. Siku nane baadaye, Aprili 17, askari wa Sultani waliasi mjini Fez kupinga mkataba ulioiweka nchi chini ya Ufaransa, na mellah ikavamiwa, ikaporwa na kuchomwa moto. Wayahudi zaidi ya 50 waliuawa. Maelfu ya wengine walifunguliwa viwanja vya kasri, na baadhi yao walilala karibu na vizimba vya wanyama wa Sultani. Unga wa Mimouna ya mwaka ule haukuwa umekwisha majumbani.

Juni 1948, majuma machache baada ya taifa la Israeli kutangazwa, ghasia nyingine katika miji ya Oujda na Jerada iliyopo mashariki mwa nchi ziliua Wayahudi zaidi ya 40.

Mwanaanthropolojia Harvey Goldberg, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1978, aliitazama Mimouna kwa kuzingatia hali hiyo ya kuwa wachache miongoni mwa wengi. Pasaka ni juma la kujitenga. Myahudi hali kwa jirani, hapokei mkate wake, na anasimulia kila mwaka habari ya kutoka katika nchi ya watu wengine. Juma likiisha, bado anaishi katika nchi ya watu wengine, na kesho lazima afungue duka. Ule usiku wa unga ulikuwa njia ya kuurudisha ujirani mahali pake.

Kwa maneno mengine, sinia halikupita kwa sababu hapakuwa na uhasama. Lilipita kwa kuwa pande zote mbili zilijua kwamba uhasama unawezekana. Na hamira iliyokuja juu yake haikuishia usiku huo: katika nyumba zilizoumua mkate kwa donge la chachu lililotunzwa siku hadi siku, chachu ya mwaka mpya ilianzia kwa jirani.

Pamoja na chakula, kilichopita kwenye milango hiyo kilikuwa muziki.

Muziki wa Kiandalusi uliingia Moroko pamoja na Waislamu na Wayahudi waliofukuzwa Hispania, na tangu hapo haukuwa mali ya dini moja. Ala zake ni zile ambazo mpenzi wa taarab ya Unguja anazifahamu vyema: udi, kanuni, fidla na dumbaki. Muziki ule ule ulioimbwa kwa Kiarabu katika kumbi za wakubwa uliimbwa kwa Kiebrania katika sinagogi.

Katika majira ya baridi Wayahudi waliamka usiku wa manane kuamkia Sabato na kuimba tungo za dua hadi alfajiri. Diwani kubwa ya tungo hizo, "Shir Yedidot", ilichapwa Marrakech mwaka 1921, ikapanga mashairi kwa kufuata maqamu za Kiandalusi.

Upo utunzi mmoja ambao jina lake linaeleza mambo mengi: "matruz". Ni shairi linalochanganya mishororo ya Kiebrania na ya Kiarabu, moja baada ya nyingine, bila kuvunja mizani wala kina. Maana ya neno hilo ni kitu kilichotariziwa. Kiswahili kililichukua neno hilohilo la sindano na uzi, na ndiyo maana fundi wa kofia anaitwa mdarizi.

Bingwa wa utunzi huo katika karne ya 20 alikuwa Rabi David Bouzaglo, aliyezaliwa mwaka 1903 na kupoteza uwezo wa kuona ukubwani. Wanamuziki Waislamu walimheshimu kama mwalimu wa maqamu. Kwa ajili ya Mimouna alitunga "Atem Yotzei Ma'arav", utenzi wa matruz unaowakumbusha watu waliotoka Moroko jinsi usiku ule ulivyokuwa, Wayahudi na Waarabu wakiwa wamekaa pamoja. Mwaka 1965 na yeye aliondoka kwenda Israeli, na alifariki huko mwaka 1975.

Alikuwa mmoja katika wimbi kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Moroko ilikuwa na Wayahudi wapatao 250,000, jamii kubwa kuliko zote katika nchi za Kiarabu. Hofu ya yaliyotokea Jerada, mvuto wa Israeli, umaskini wa vijijini, na wasiwasi uliofuatia uhuru wa mwaka 1956, wakati serikali mpya ilipozuia uhamaji, vyote viliwasukuma. Januari 1961 chombo kidogo kiitwacho Egoz kilizama baharini kikiwavusha kwa siri. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Kwa makubaliano yaliyofuata, kati ya mwaka 1961 na 1964 waliondoka zaidi ya 80,000. Vita vya Juni 1967 viliwasukuma wengi wa waliosalia. Leo jamii hiyo inakadiriwa kuwa na watu wapatao 2,000, wengi wao wakiwa Casablanca.

Mimouna ilisafiri nao. Lakini sinia halikuweza kusafiri, maana aliyelibeba alibaki Moroko.

Nchini Israeli wahamiaji hawa walipokewa katika kambi za mabati na mahema, kisha wakapelekwa katika miji mipya ya mipakani na jangwani ambako kazi zilikuwa chache na dharau ilikuwa nyingi. Muziki wao ulionekana wa kishamba, na Kiarabu chao kikawa lugha ya adui. Mwaka 1959 ghasia zilizuka katika mtaa wa Wadi Salib mjini Haifa, wakazi wenye asili ya Moroko wakilalamikia ubaguzi katika nyumba na ajira.

Kisa cha Zohra El Fassia kimekuwa mfano wa yote hayo. Mwimbaji huyo, aliyezaliwa Sefrou mwaka 1905, alikuwa nyota wa santuri nchini Moroko, na inasimuliwa kuwa aliimba katika kasri la Mfalme Mohammed V. Mwaka 1962 alihamia Israeli, na aliishi katika nyumba ya kawaida mjini Ashkelon bila majirani wengi kumjua ni nani. Mshairi Erez Biton aliandika shairi juu yake, likatoka katika kitabu chake cha mwaka 1976, na shairi hilo likawafumbua macho wasomaji ambao hawakuwahi kulisikia jina lake. Zohra alifariki mwaka 1994.

Katika hali hiyo Mimouna ya miaka ya mwanzo ilijificha ndani ya nyumba. Mwaka 1966 mamia ya watu wenye asili ya Fez waliamua kuitoa nje, wakakusanyika kwa tafrija ya mchana katika msitu karibu na Ben Shemen. Miaka michache baadaye mkusanyiko ulihamia Jerusalem, na katika miaka ya 1970 makumi ya maelfu ya watu walijaza bustani ya Sacher kwa ngoma, nyama choma na mufleta.

Haikuwa tafrija tu. Ilikuwa njia ya watu waliodharauliwa kuhesabiwa hadharani, na wanasiasa waliwahesabu haraka. Tangu wakati huo ni nadra kumkuta waziri mkuu au mgombea wa uwaziri mkuu ambaye hakupigwa picha usiku wa Mimouna akiwa na kipande cha mufleta mkononi na asali ikimdondokea. Baadhi ya watoto wa wahamiaji wale huziona picha hizo kwa uchungu: mara moja kwa mwaka, wanasema, nchi nzima inakula kwetu, kisha inaondoka.

Na unga je? Unga hununuliwa dukani. Wakati wa Pasaka maduka mengi ya Israeli hufunika rafu za mikate na nafaka kwa karatasi za plastiki. Pasaka ikiisha karatasi huondolewa na foleni huanza.

Hata hivyo, jirani hajatoweka kabisa. Serikali ya Israeli nayo inamiliki nafaka zilizochachuka, katika maghala, jeshini na hospitalini, na kwa sheria ileile ni lazima ziuzwe kwa asiye Myahudi kabla ya Pasaka. Kwa miaka mingi mnunuzi wa mali hiyo yote alikuwa Mwarabu Mwislamu kutoka mji wa Abu Ghosh, karibu na Jerusalem, meneja wa hoteli kwa kazi yake. Hutiwa saini mbele ya marabi wakuu na kutolewa malipo ya awali. Sikukuu inapoisha bila salio kukamilishwa, mkataba huvunjika, fedha hurudishwa na mali hurejea serikalini. Kwa siku hizo chache mkate wa dola nzima ni mali ya mtu mmoja wa Abu Ghosh. Lakini yeye hagongi mlango wa mtu.

Muziki ulifanikiwa zaidi kupata njia ya kurudi. Mwaka 1994 ilianzishwa Ashdod okestra ya Kiandalusi. Wahamiaji kutoka Moroko walileta waimbaji, udi na kumbukumbu; wapiga fidla wengi walikuwa wahamiaji wapya waliotoka katika nchi za uliokuwa Muungano wa Kisovieti, waliosoma muziki wa Ulaya na ambao hawakuwahi kuisikia maqamu hata moja. Walifundishana. Mwaka 2006 okestra hiyo ilipewa Tuzo ya Israeli, heshima ya juu kabisa ya nchi hiyo. Ni vigumu kutomkumbuka Bi Zohra na nyumba yake ya Ashkelon, mwendo mfupi tu kutoka Ashdod.

Upande wa Moroko tatizo lilikuwa la kinyume. Huko waliobaki walikuwa wabeba sinia, bila mlango wa kuugonga. Vijana waliozaliwa baada ya miaka ya 1970 katika miji mingi walikua bila kumwona Myahudi hata mmoja, isipokuwa askari kwenye televisheni.

Mwaka 1997 jamii ya Wayahudi ilifungua jumba la makumbusho mjini Casablanca, lililoongozwa na Simon Levy, mwanaisimu na mwanasiasa wa mrengo wa kushoto aliyekataa kuhama. Mhifadhi wake, Zhor Rehihil, ni Mwislamu. Miaka sita baadaye, Mei 16, 2003, washambuliaji wa kujitoa mhanga walilipua sehemu kadhaa za mji huo, zikiwemo klabu ya Wayahudi na eneo la makaburi yao. Watu 45 walikufa, wakiwemo washambuliaji 12. Klabu ilikuwa tupu, kwa kuwa ilikuwa jioni ya Sabato.

Mwaka huohuo lilianzishwa mjini Essaouira tamasha la Andalousies Atlantiques, ambalo kwa kawaida hufanyika majira ya vuli. Mji huo wa bandari, uliojulikana pia kama Mogador, uliwahi kuwa na Wayahudi waliokaribia nusu ya wakazi wake. Anayelisukuma mbele ni André Azoulay, mzaliwa wa mji huo, Myahudi, aliyekuwa mshauri wa Mfalme Hassan II na kisha wa Mohammed VI. Jukwaani mwimbaji wa sinagogi na mwimbaji Mwislamu hukaa bega kwa bega na kuimba matruz, huyu mshororo wake na yule wake. Januari 2020 Mfalme alitembelea Bayt Dakira, nyumba ya kumbukumbu iliyojengwa kuzunguka sinagogi ya zamani katika mji huohuo.

Lakini hayo ni mambo ya wakubwa. Kilichoanza mwaka 2007 kilitoka chini. Katika Chuo Kikuu cha Al Akhawayn, mjini Ifrane katika milima ya Atlas, wanafunzi Waislamu, El Mehdi Boudra akiwa miongoni mwao, waliunda klabu ya kujifunza na kufundisha urithi wa Wayahudi wa nchi yao. Walikuwa na majina mengi ya kuchagua. Waliiita Mimouna.

Klabu hiyo iliandaa siku za utamaduni chuoni, kwa chakula, muziki na mihadhara ya wazee wa Kiyahudi mbele ya vijana ambao hawakuwahi kuwasikia. Mwaka 2011 iliandaa mkutano kuhusu mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, ukijadili pia msimamo wa Mohammed V wakati wa utawala wa Vichy. Baadaye ikawa jumuiya ya kitaifa. Mwaka huohuo wa 2011 katiba mpya ya Moroko iliutaja mkondo wa Kiebrania miongoni mwa mikondo inayouneemesha utambulisho wa taifa.

Si kila Mmoroko aliyefurahi. Kamal Hachkar, Mwislamu mzaliwa wa Tinghir aliyekulia Ufaransa, alitengeneza filamu kuhusu Wayahudi waliotoka mji wake, akiwafuata hadi Israeli walikokuwa bado wanazungumza Kiberiberi. Televisheni ya 2M iliionyesha mwaka 2012. Mwaka uliofuata, ilipopelekwa katika tamasha la filamu la Tangier, watu waliandamana kuipinga, wakisema inafungua mlango wa uhusiano na Israeli kwa kupitia hisia. Hoja hiyo ilipata nguvu zaidi Desemba 2020, pale Moroko na Israeli zilipotangaza kurejesha uhusiano, na Marekani ikatambua madai ya Moroko juu ya Sahara Magharibi. Ndege za moja kwa moja zilianza Julai 2021, zikiwa zimejaa watu waliokwenda kuitafuta milango ya babu zao.

Wakosoaji wana hoja isiyoweza kupuuzwa: nyimbo na vyakula hutangulia, mikataba ya silaha hufuata, na Mpalestina hatajwi. Watetezi nao wana yao: Myahudi wa Moroko alikuwapo karne nyingi kabla ya Israeli kuwapo, na kumkumbuka hakuhitaji idhini ya ubalozi wowote. Mambo yote mawili ni kweli. Kinachowasumbua watetezi ni kwamba dola iliyaunganisha bila kuwauliza.

Vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023 viliufanya mstari huo kuwa mgumu zaidi kuutembea. Makumi ya maelfu waliandamana Rabat mwezi huohuo wakidai uhusiano ukatwe. Safari za ndege za moja kwa moja zilisimamishwa. Kwa vijana waliojifunza kupika mufleta chuoni, kuliweka neno Mimouna kwenye bango la hafla hakukuwa tena jambo jepesi.

Kabla ya hapo kulikuwa na miaka miwili ambayo wazee wa Casablanca hawakuwa wameiona kwa takriban miaka 30. Mwaka 2022 na mwaka 2023 Pasaka yote iliangukia ndani ya Ramadhani, hivyo usiku wa Mimouna ulikuwa pia usiku wa mfungo. Jioni ya Aprili 23, 2022, wakati nyumba moja ilipongoja adhana ya magharibi, nyingine ilingoja nyota tatu zionekane. Wenye sinia walikuwa wameshinda na njaa kuliko wale waliongoja unga, na meza zote mbili zilikuwa na tende na maziwa. Kwa hesabu ya kalenda hizo mbili, nyakati hizo hazitakutana tena hadi miaka ya 2050.